Ulaya Yangu ya Ghorofa ya Sita

Kwa aliyechelewa kujiunga nami nitaeleza kwa ufupi, maana siku hizi hata kusimulia kunanichosha.

Naitwa Verediana. Ni mke wa Geofrey, mama wa Elinaja, na mwaka huu natimiza miaka kumi na sita hapa Minnesota. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huku Inver Grove Heights. Wiki zilizopita niliwasimulia jinsi wageni wa mume wangu walivyokaa kwangu miezi mitano, jinsi nilivyochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya misiba nikiwa sipo mkutanoni, na jinsi nilivyosinzia nikimlisha bibi mmoja uji, kijiko kikamwingia puani. Bibi wa watu ndiye aliyenipa pole mimi.

Siku ile ndipo nilipoamua kwamba nataka kulala. Sikutaka dhahabu wala gari jipya. Nilitaka siku tano ambazo hakuna mtu atakayeita jina langu.

Sasa, kwa watu wetu, mwanamke akisema anakwenda hoteli ya mjini peke yake kulala, na nyumba yake iko mwendo wa dakika ishirini na tano, hakuna atakayeamini habari ya usingizi. Watasema kuna ugomvi. Watakuja wazee wa kanisa kusuluhisha, na mimi ndiye nitakayewapikia. Lakini ukisema unakwenda kutembea Ulaya siku tano, watu wanakupa hongera na kukuacha uende zako.

Basi nikasema nakwenda Ulaya. London sikuthubutu, kila mtu ana shangazi London. Sweden nusu ya kwaya yetu ina ndugu. Nikachagua Ubelgiji, mji wa Brussels, nikiamini kule hatuna mtu. Nikawasahau Wakongo.

Jumapili baada ya ibada akanijia Donatille, Mkongo wa Uvira ninayeimba naye sauti ya pili. Mkononi ana bahasha ya kaki, machoni machozi. Mdogo wake, Ernestine, yuko Brussels. Ernestine ana binti wa miaka kumi na mmoja aliyebaki Bujumbura kwa bibi yake, na kwa miaka minne amekuwa akihangaika apate ruhusa ya kumleta. Ameitwa kwenye usaili wa uhamiaji Alhamisi saa tatu asubuhi. Wanataka cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto, chenyewe, si nakala kivuli. Na chenyewe kilikuwa hapa Minnesota, ndani ya Biblia ya Donatille, tangu siku walipotawanyika.

Ile wiki alikuwa apige moyo konde akitume kwa posta. Kisha akasikia nasafiri. "Mungu si Athumani," akaniambia. "Mkono wa mtu ni mkono wa mtu. Posta haina macho."

Ndiyo desturi yetu, mnaijua. Msafiri hana begi lake peke yake. Kukataa mzigo wa mtu ni kumtukana, hasa mzigo mwepesi kama karatasi. Na mimi ningesema nini? Kwamba siendi? Nikaipokea bahasha, nikaitikia amina.

Nilikuwa na mpango. Jumatatu nikifika mjini, naipeleka kwenye ofisi ya kampuni ya vifurushi kabla ya saa tisa alasiri, Jumatano inakuwa mlangoni kwa Ernestine. Nilikwisha kuwauliza. Geofrey mwenyewe ndiye aliyenishusha uwanja wa ndege asubuhi. Nikampungia mkono, nikaingia mlango mmoja, nikatokea mwingine, nikapanda treni ya kurudi katikati ya Minneapolis. Saa tano nilikuwa hotelini, chumba namba mia sita na kumi na nne. Nikaweka bahasha mezani na kusema nijilaze nusu saa tu kwanza.

Hapo ndipo nilipowaacha.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa upande uleule wa dirisha. Nikajua nusu saa imepita. Nikaoga, nikavaa viatu, nikachukua bahasha. Ndipo nikatazama simu nione saa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jumanne.

Nilikaa chini sakafuni na viatu vyangu. Nilikuwa nimelala saa ishirini na tatu, bila kugeuka, bila ndoto, na simu ilikuwa imeita mara thelathini na moja. Nilikuja kulala na kweli nikalala. Jamani, sijawahi kufanikiwa hivyo katika jambo lolote maishani mwangu.

Nikapiga simu ile kampuni ya vifurushi. Yule kijana akasema mizigo ya Ulaya inaondoka Jumatatu na Jumatano tu, nikileta sasa hivi, itafika Ijumaa. Nikamuuliza kama anaweza Alhamisi alfajiri. Akasema Ijumaa. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine, nikidhani labda ni Kiingereza changu. Ikawa ileile Ijumaa.

Sijaweka simu chini, Donatille akapiga.

"Mama Elinaja, uko wapi? Ernestine alikuwa ku aeroport tangu asubuhi. Alisimama na karatasi yenye jina lako mpaka miguu ikavimba."

Nilikuwa sijui kama Ernestine angekuja kunipokea. Hakuna aliyeniambia. Lakini ningetegemea nini? Dada yake anamletea uhai wake kwenye bahasha, akae nyumbani ananywa chai?

Mwongo akianza hana pa kushukia. Nikamwambia Donatille nilitokea mlango mwingine, nikachoka na safari, nikapitiwa na usingizi hotelini. Hilo la usingizi lilikuwa kweli, na nililisema kwa sauti ya mtu mkweli.

"Hakuna tabu, mama," akasema. "Pumzika. Hoteli gani? Ernestine atafuata yeye mwenyewe."

Nikageuza macho mle chumbani. Ni hoteli za kisasa hizi, hazina kabati wala birika, bafu la kioo unaonekana mpaka kitandani, na taa hujui inazimiwa wapi. Mezani kulikuwa na kijitabu cha kuandikia chenye jina la hoteli. Nikalisoma kama lilivyo: Norvika. Akaniuliza chumba. Nikamtajia mia sita na kumi na nne.

Nilifikiri Ernestine atazunguka mji mzima akiitafuta hoteli isiyokuwepo, nami nitapata saa mbili za kufikiri. Ndivyo nilivyopanga, na naandika hapa mjue nilivyokuwa. Nilimpanga mama wa watu, aliyekwisha kusimama tangu asubuhi, azunguke bure gizani.

Mlango ukagongwa. Mama wa usafi akaingia na toroli lake la taulo, mtu wa makamo kama mimi, kifuani kibao kimeandikwa Philister. Akaniona sakafuni na viatu. Nikajisemea "Ee Mungu wangu," si kwa kumwambia yeye, naye palepale akaacha Kiingereza chake.

Alikuwa Mkenya, wa Kisii. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikafungua kinywa kusema hapana, yakatoka yote: Geofrey, wageni, uji, Ubelgiji, bahasha, mtoto. Sikulia hivyo tangu msiba wa mama yangu. Philister hakuketi. Aliendelea kutandika kitanda akinisikiliza, na nilipomaliza akabaki ameshika foronya.

"Sasa mama, hiyo jina umewapea," akasema. "Unajua hii hoteli iko na nyingine Brussels? Wako kila mahali hawa. Rooms zote zinafanana, hata picha ya ukutani ni hiyo hiyo."

Njia ya mwongo ni fupi, ila sikujua ni fupi kiasi kile. Kabla sijajibu, simu ikaita.

Donatille safari hii alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Ernestine alikuwa amefika. Pale mapokezi palikuwa na foleni, basi yeye akapanda moja kwa moja mpaka ghorofa ya sita, akagonga mia sita na kumi na nne.

"Mama Elinaja, nisamehe kuuliza," akasema. "Amefungua mwanamume. Mzungu. Amevaa taulo."

Nikamtazama Philister.

"Ernestine ameuliza Verediana yuko wapi. Yule mzungu hajui Kiswahili, ameshtuka tu na kufunga mlango. Mimi sihukumu mtu, mama. Ninataka karatasi tu."

Nikamwambia ni makosa, namba si hiyo, nitampigia. Akasema ndivyo na yeye alivyofikiri, kwamba labda amesikia namba vibaya. Ndiyo maana alikuwa amempigia Baba Elinaja amuulize kama anayo namba sahihi, na akamweleza yaliyotokea.

Nilikata simu. Philister alikuwa ameacha kabisa kazi. Akaketi kitandani alipotandika mwenyewe, tukatazama simu yangu wote wawili tukiisubiri. Haikuchukua dakika mbili.

Mume wangu si mtu wa makelele. Ni msimamizi wa zamu kwenye ghala kubwa la Shakopee, kutwa yuko katikati ya mashine zinazopiga kelele, akirudi nyumbani anataka kimya. Kwa miaka kumi na tisa nimemlaumu kwa kile kimya. Siku ile nilitamani apige kelele.

"Mama Elinaja," akasema. "Huyo mtu ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Ernestine ameona nani?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa uongo mwingine. La pili ni kumwambia kwamba mkewe yuko hapa mjini, amejificha kwenye chumba cha hoteli, amemkimbia yeye na watoto na kanisa zima ili alale, na kwa ajili ya kulala huko amempotezea mtoto wa watu nafasi ya kumwona mama yake. Nikajaribu kulisema la pili. Habari ya mwanamume mwingine Geofrey angeielewa, ni jambo linalotokea kwa watu. Uchovu wangu alikuwa akiuona kila siku mezani kwake, na hakuwahi kuniuliza habari zake hata mara moja.

Nikakaa kimya. Akangoja sana.

"Sawa," akasema, akakata.

Nikamwambia Philister basi, imekwisha, ndoa imekwenda, jina limekwenda. Niliposema hivyo nikasikia ninavyojihurumia, na bahasha iko palepale mezani. Ndoa yangu ingengoja mpaka Ijumaa. Yule mtoto asingengoja. Akikosa usaili, faili linarudi chini ya rundo, na la kwanza lilikaa kwenye rundo miaka minne. Atakuwa na miaka kumi na mitano. Atakuwa mrefu kuliko mama yake.

"Na passport uko nayo?" Philister akaniuliza.

Ninayo. Nilikuwa nasafiri, ningeiachaje nyumbani?

"Si u-fly tu leo?"

Alisema hivyo huku anasimama kukusanya taulo, kwa sauti ileile ambayo mtu angekuambia si ushuke tu kituo kinachofuata. Mimi nilikuwa nimefikiria uongo wa kila namna, hilo la kwenda kweli halikunijia. Nimejizoeza mno kuona siwezi.

Tukatafuta pamoja kwenye simu yake. Kulikuwa na ndege ya saa tisa na nusu alasiri kwenda Amsterdam. Inafika Jumatano asubuhi. Kutoka Amsterdam kuna treni mpaka Brussels, mwendo usiotimia hata saa tatu. Jumatano mchana bahasha ingekuwa mkononi mwa Ernestine, usaili ni kesho yake. Nikapiga simu kwa watu wa ndege. Wakasema vimebaki viti viwili, niende mwenyewe dirisha la tiketi uwanjani na pasipoti, na nisichelewe.

Philister aligoma kupokea asante. Alinisukuma mlangoni akaniambia chumba atakimaliza, mimi niende. Nikiwa kwenye lifti nikagundua nimechana nywele upande mmoja. Nikaacha hivyohivyo.

Kwenye treni nilimwandikia Donatille maneno mafupi: kesho mchana Ernestine atapata karatasi, naapa mbele ya Mungu. Ukiacha lile la usingizi, hilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli kwake tangu Jumapili, na sikuwa na uhakika nalo. Elinaja naye alikuwa amenitumia ujumbe wa Kiingereza kama kawaida yake, anataka picha za Ulaya, na anauliza mbona Dad karudi kutoka kazini mchana na hasemi na mtu. Sikumjibu. Nilijua Geofrey atakuwa amekwenda kwa mchungaji. Nilimwona kabisa kwa mawazo, amekaa kwenye kile kiti cha ofisini kwa mchungaji, kofia mapajani, ananishtaki kwa utaratibu. Na nilimwona ana haki.

Nilichoka, jamani. Siwezi kuwaficha. Ulale saa ishirini na tatu, uamke, na kabla ya mchana uwe umechoka kuliko kabla ya kulala. Lakini uchovu ule ulikuwa na pa kwenda, na hilo lilinisaidia kutembea.

Uwanja wa ndege palikuwa na foleni ya watu wachache dirishani. Mbele kabisa familia moja ilikuwa na ugomvi wa mabegi. Nyuma yao alikuwapo mwanamume mmoja, kisha mimi. Nilikuwa nimeinama nikitafuta pasipoti, sikumtazama mtu. Familia ikaondoka. Mwanamume akasogea dirishani. Akaanza kusema, nami nikaacha kutafuta.

Geofrey anapozungumza Kiingereza na Wazungu hukipanga neno kwa neno. Alikuwa amevaa jaketi la kazini, lile la buluu lenye mistari inayong'aa, na begani amening'iniza mkoba wa Elinaja wa mazoezi. Hakugeuka. Sikuwa mbali naye hata hatua mbili.

"Mke wangu yuko Brussels," alikuwa anasema. "Kuna jambo halijakaa sawa. Nahitaji kufika."

Dada wa dirishani akabonyeza mashine yake. Akamwambia ana bahati, kimebaki kiti kimoja. Akamuuliza habari ya kurudi.

"Kurudi ni viti viwili," Geofrey akasema. "Viwe pamoja. Kimoja kiwe cha dirishani. Yeye huwa anapenda kuegemea akilala."

Miaka kumi na tisa. Sikujua kama huwa ananitazama nikilala.

Nilisimama pale. Akili yangu, kwa sababu imezoea, ikaanza kupiga hesabu za mwongo. Nikirudi nyuma taratibu hataniona. Atakwenda Brussels, atanitafuta, nami nitazuka na hadithi nyingine. Lakini kiti cha mwisho kitakuwa kimekwenda naye, na bahasha itabaki na mimi. Na nikiita, yote ninayoyaandika hapa atayajua leo, mbele ya watu, wala hatakuwa tena mume anayevuka bahari kwa ajili yangu. Atakuwa mume aliyedanganywa kwa ajili ya kitanda cha hoteli. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema mfunua uchi anapata nini.

Dada wa dirishani akamnyooshea mkono ampe kadi ya benki. Geofrey akaitoa.

"Baba Elinaja," nikaita.

Aligeuka. Akanitazama usoni, akatazama begi langu, kisha akatazama nyuma yangu, anamtafuta yule mwanamume.

"Niko peke yangu," nikamwambia. "Sikwenda popote. Nilikuwa hapahapa mjini, nimelala."

Nikatoa pasipoti yangu, nikaiweka dirishani kando ya yake. Nikaitoa bahasha, nikamnyooshea kwa mikono miwili. "Hii ni ya mtoto wa Ernestine. Lazima iwe Brussels kesho. Nimeichelewesha mimi."

Aliipokea. Akaisoma juu jina la Ernestine, akaigeuza, akaisoma tena kama vile ina maneno mengine. Mkono wa pili bado ulikuwa umeshika kadi. Watu wa nyuma walianza kuguna. Dada wa dirishani hakuelewa neno letu hata moja, alichokiona ni pasipoti mbili na sura mbili zimesimama.

"Samahanini," akasema, "kiti ni kimoja. Anasafiri nani?"